Picha za Shule: Uchapishe Kwanza au Usubiri Oda, Kifurushi Kimoja au Vitatu?

Chini ya kitanda changu hapa Manyatta, Kisumu, kuna katoni iliyokuwa ya karatasi za fotokopi. Ndani yake zimo picha za watoto 63 wa chekechea, wamevaa majoho ya buluu na kofia bapa, kila mmoja ameshika cheti kilichoviringishwa na kufungwa utepe. Nilizichapisha zote kabla ya kuuza hata moja. Wazazi wa watoto hao 63 hawakulipa, wengine kwa kukosa, wengine kwa sababu walishampiga mtoto picha kwa simu. Kuzitupa siwezi, ni nyuso za watoto wa watu. Kuziuza kwingine haiwezekani. Nyanya zisipoisha Kibuye mchana, jioni mama hushusha bei na mtu mwingine hununua. Picha ya mtoto ina mnunuzi mmoja tu, na akiwa hana pesa wiki hiyo, karatasi imekufa.

Kwa hiyo kijana anayeanza kazi hii akiniuliza, "Kaka, seti ya shule unauza ngapi?" mimi humwuliza kwanza: picha isiponunuliwa, hasara ni ya nani? Ukishajibu hilo, bei na vifurushi vinapangika vyenyewe. Usipolijibu, unaweza kuuza kwa bei nzuri mno na bado ukarudi nyumbani na deni la mchapishaji.

Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, ili tuweze kupiga hesabu pamoja. Weka za mchapishaji wako mahali pa hizi, njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kuchapisha kwanza, au kupokea oda kwanza

Tuchukue shule ya watoto 200. Kwa vipimo vya inchi, nne kwa sita inachapishwa kwa shilingi 20, tano kwa saba kwa 40, nane kwa kumi kwa 100, na bahasha ni 10. Karatasi moja ya nne kwa sita inabeba picha nane za pasipoti za milimita 35 kwa 45, kwa hiyo pasipoti nane ni shilingi 20 zilezile. Siku ya kupiga inakula 6,000: nauli, msaidizi, chakula, na kitu cha kuweka kando kwa ajili ya kamera na taa zinazochakaa. Shule inachukua asilimia 10 ya mauzo. Kifurushi chetu ni tano kwa saba moja, nne kwa sita mbili na pasipoti nane. Kukichapisha na kukitia kwenye bahasha ni 110, kukiuza ni 350.

Anayechapisha kwanza anatoa picha za watoto wote 200, anazipeleka shuleni, walimu wanagawa, na mzazi anayependa analipa. Anayepokea oda kwanza anatuma karatasi ya oda nyumbani kupitia kwa mtoto, mzazi analipa, kisha zinachapishwa za waliolipa tu. Tazama tofauti:

| Waliolipa kati ya 200 | Kuchapisha kwanza | Oda kwanza |
|---|---|---|
| 30 | hasara 18,550 | faida 150 |
| 70 | hasara 5,950 | faida 8,350 |
| 100 | faida 3,500 | faida 14,500 |
| 120 | faida 9,800 | faida 18,600 |
| 160 | faida 22,400 | faida 26,800 |

Katika njia ya kwanza unahitaji wazazi 89 walipe ndipo uache kupoteza. Katika ya pili unahitaji 30. Na hiyo inayoitwa faida bado ni mshahara wako wa kukaa usiku mbili ukisafisha picha mbele ya kompyuta, kwa hiyo 3,500 kwa shule nzima ni kazi ya bure.

Lakini jedwali hilo halitoshi, maana linachukulia kwamba idadi ya wanunuzi ni ileile kwa njia zote mbili, na haiwi hivyo. Mzazi akiombwa kulipia kitu ambacho hajakiona, anasitasita, na ana haki. Amewahi kuchangishwa mengi yasiyofika. Mzazi huyohuyo akiishika picha ya mwanawe mkononi, kola imenyooka, macho yanang'aa, moyo unamsaliti. Wapo waliotoa 350 ya mboga ya siku mbili papo hapo. Kuchapisha kwanza kunauza zaidi, na anayekataa hilo hajawahi kusimama langoni siku ya kufunga shule. Suala ni kama kunauza zaidi kwa kiasi cha kutosha. Ukiwa na oda 100 zilizolipwa, mwenzako aliyechapisha kwanza lazima auze 135 ndipo mlingane. Katika sherehe ya kuhitimu ya PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, ambako wazazi wote wapo, wamevaa vizuri na shangazi wamekuja na mashada ya karatasi za kumetameta, 135 kati ya 200 inawezekana. Siku ya kawaida ya muhula wa kwanza, wakati karo na sare zimekwisha kukamua kila mfuko, usijaribu.

Kuna njia ya kati ambayo ndiyo ninayoipenda, nami nimeifikia baada ya ile katoni. Unapiga watoto wote walioruhusiwa na wazazi. Kisha kwenye karatasi moja ya nne kwa sita unapanga nyuso za watoto wanane tofauti, kila mmoja kwa ukubwa wa pasipoti, na neno KIONJO limepita kifuani ili isikatwe na kubandikwa kwenye fomu. Watoto 200 wanaenea kwenye karatasi 25, yaani shilingi 500. Unazikata, unabana kila kionjo kwa stepla juu ya karatasi ya oda, mtoto anakipeleka nyumbani. Mzazi ameona sura, nawe hujafungia shilingi 22,000 kwenye karatasi. Ukiongeza nauli ya safari moja zaidi, tuseme 500, unahitaji wazazi 35 tu kulipa ndipo urudishe gharama. Kazi ya kukata ni ndefu, mkasi unakuachia alama kidoleni. Ni afadhali alama ya mkasi.

Kifurushi kimoja, vitatu, au kila mzazi achague mwenyewe

Njia ya tatu niimalize haraka. Kumwachia mzazi achague kila kipande, nne kwa sita mbili, tano kwa saba moja, pasipoti nne, kunapendeza kwenye karatasi. Usiku wa kupanga bahasha ndipo utakapojua. Watoto 120, oda 70 za namna tofauti, na picha ya mtoto wa gredi ya pili inaingia kwenye bahasha ya jina linalofanana la gredi ya nne. Kosa moja la namna hiyo linakurudisha Luanda au Ahero kwa nauli yako mwenyewe. Mimi huruhusu kuchagua kwa jambo moja tu: aliyekwisha kuchukua kifurushi anaweza kuongeza nakala, nne kwa sita kwa 50, ya tano kwa saba kwa 100.

Ushindani wa kweli ni kati ya kifurushi kimoja na vitatu.

Kifurushi kimoja kina nguvu ambayo wengi hawaithamini: mwalimu wa darasa anaweza kukieleza kwa sentensi moja kwenye gwaride la asubuhi. "Mia tatu hamsini, mnapata hizi." Basi. Hakuna mtoto anayekwenda nyumbani kueleza jedwali. Hakuna bahasha nono na bahasha nyembamba. Upande wa gharama, unachapisha vitu vya aina moja, makosa yanapungua. Ubaya wake ni kwamba mwenye 200 mkononi hana pa kuingilia, na mwenye 1,000 hana pa kuitumia. Wote wawili unawapoteza kwa namna tofauti.

Vifurushi vitatu ndivyo vinavyosifiwa sana, kwa hoja kwamba watu wakiona vitatu huchukua cha katikati. Ni kweli mara nyingi. Ila tupige hesabu kabla ya kushangilia. Kidogo: nne kwa sita moja na pasipoti nane, gharama 50, bei 200, kinakuachia 130 baada ya sehemu ya shule. Cha kati ni kilekile cha 350, kinaacha 205. Kikubwa: nane kwa kumi moja, tano kwa saba moja, nne kwa sita mbili na pasipoti nane, gharama 210, bei 650, kinaacha 375. Sasa wazazi 100: tuseme 35 wamechukua kidogo, 50 cha kati, 15 kikubwa. Toa ile 6,000 ya siku, unabaki na 14,425. Wazazi walewale 100 wakinunua kifurushi kimoja cha 350 unabaki na 14,500.

Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara mbili. Vifurushi vitatu havikuongeza hata senti, kwa sababu kidogo kilikula cha kati: mzazi ambaye angelipa 350 aliona 200 akapumua. Faida ya vitatu inakuja tu ikiwa kile kidogo kimemleta mzazi ambaye hangenunua kabisa. Kila mzazi wa namna hiyo ni 130 zaidi. Wakija 20, ni 2,600, na ni watoto 20 zaidi wenye picha nyumbani, jambo ambalo kwangu lina uzito wake. Kwa hiyo usipange vifurushi vitatu katika shule ambako karibu wote wangelipa 350. Vipange pale ambapo mifuko ya wazazi inatofautiana sana darasani humohumo, kama shule nyingi za mji, ambako mtoto wa mwenye duka Oginga Odinga Street anakaa dawati moja na mtoto wa mama wa samaki.

Namna ya kukilinda kile cha kati: kidogo kiwe kamili lakini kisijitosheleze kwa familia kubwa. Hapa lazima umjue mnunuzi. Sebule za huku kwetu zina ukuta wa picha, zimetundikwa juu karibu na dari, zimeinama kidogo kumtazama anayeingia. Na kila mtoto wa mji ana nyanya kijijini anayesubiri nakala. Picha moja haitoshi, lazima nyanya mzaa baba apate na nyanya mzaa mama apate, la sivyo maneno. Ndiyo sababu ya zile nne kwa sita mbili katika kifurushi cha kati. Si pambo. Ni nakala za kina nyanya, na kwenye karatasi ya oda naandika hivyo: "mbili za kuwapelekea kina nyanya". Mzazi aliyekuwa ameshika kalamu juu ya kifurushi kidogo husoma mstari huo akakumbuka safari ya Desemba.

Majina nayo yana kazi. Zamani niliviita Dhahabu, Fedha na Shaba. Siku ya kugawa, mwalimu alisoma kwa sauti, "Wa Shaba waje huku," na nikaona watoto wanne wakinyanyuka polepole. Nilibadilisha wiki hiyohiyo. Sasa navipa majina ya mahali picha inakokwenda: kidogo ni Mkoba, cha kati ni Ukoo, kikubwa ni Ukuta. Bahasha zote ni za kaki, ukubwa mmoja, na ndani ya kila moja naweka kadibodi ngumu ili hata yenye picha chache isilegee mkononi. Kadibodi ni shilingi chache. Mtoto hajui mwenzake amepata nini mpaka afungue nyumbani.

Ndugu nao wasisahaulike. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi aliniambia wazi, "Mzazi huyu ana watatu hapa. Unamwambia mia tatu hamsini mara tatu?" Alikuwa na haki. Tangu hapo nawapanga ndugu pamoja, picha moja ya wote, nauza kama Ukoo mmoja kwa 350, na kila mtoto anaweza kuongezewa Mkoba kwa 150. Mzazi wa watatu anatoka na 800 badala ya 1,050, mimi napiga picha nne. Punguzo la asilimia kwa mtoto wa pili na wa tatu nalo nimelijaribu, lakini linawachanganya walimu wanaokusanya pesa, na picha ya ndugu watatu wakiwa wameshikana mabega inapendwa kuliko punguzo lolote.

Bei yenyewe iendane na noti. Shule inayolipa kwa simu, 350 haina shida. Shule ya kijijini ambako mtoto anatumwa na pesa taslimu ndani ya daftari, 350 inakutaka uwe na hamsini za kurudisha mfuko mzima. Huko nafanya 200 au 400. Na zile bei za 199 na 349 waachie maduka makubwa, hakuna mwalimu atakayekushukuru kwa kumtafutisha sarafu ya shilingi moja.

Ukubwa wa karatasi ni sehemu ya bei

Hili huwaponyoka hata wenye uzoefu. Kamera zetu nyingi hutoa picha yenye uwiano wa tatu kwa mbili. Nne kwa sita na nane kwa kumi na mbili zinaingia humo bila kukatwa. Tano kwa saba inakatwa kidogo. Nane kwa kumi inakula sehemu moja kati ya sita ya urefu wa picha. Kwa picha ya mtoto mmoja hakuna neno, ukiacha nafasi juu ya kichwa na chini ya mikono. Kwa picha ya darasa ni balaa.

Mwaka nilioanza, niliuza picha ya darasa katika nane kwa kumi kwa kuwa ndiyo karatasi mchapishaji aliyokuwa nayo kwa bei nafuu. Bikizee mmoja alikuja kuchukua ya mjukuu wake. Alivuta kidole polepole juu ya mstari wa pili, mtoto baada ya mtoto, mpaka ukingoni. "Huyu ni mwenzake. Wangu yuko wapi?" Wake alikuwa kiwiko. Mkono wa sweta ya kijani umeingia kwenye picha, mwenyewe amekatwa. Nilirudia darasa zima katika nane kwa kumi na mbili kwa gharama yangu, na bikizee nilimpelekea yake mwenyewe.

Picha ya kundi, basi, ni nane kwa kumi na mbili au A4. A4 inakata kiasi kidogo cha upana, karibu asilimia 6, kwa hiyo acha hewa pande zote mbili za mstari. Kamera ya megapikseli 24 inatosha kabisa kwa ukubwa huo: kwa nukta 300 kwa inchi, nane kwa kumi na mbili inahitaji pikseli 2,400 kwa 3,600, nayo inazo 4,000 kwa 6,000.

Ukitaka kupunguza gharama, fikiria kwa karatasi, usifikirie kwa picha. Karatasi ya nane kwa kumi inabeba tano kwa saba mbili. Wachapishaji wengine wanakutoza kwa karatasi, wengine kwa kipande. Kama wako anatoza kwa karatasi na ya nane kwa kumi ni 100, basi tano kwa saba mbili kwa karatasi moja zinakugharimu 50 kila moja, ghali kuliko 40 ya kipande. Uliza kabla ya kupanga kifurushi. Nimewaona watu wakipanga seti nzuri sana isiyolingana na karatasi yoyote.

Wapi pa kuchapisha? Kifupi. Studio ya mjini yenye mashine kubwa inakupa bei ya chini ukipeleka nyingi kwa pamoja, na rangi ya ngozi inatoka ileile kutoka ya kwanza hadi ya mia mbili. Printa ya wino ya nyumbani, kama zile za Epson zenye matangi ya rangi sita, ni nzuri kwa kionjo na oda za kuchelewa, lakini picha yake ya kung'aa ikipata tone la maji inaweza kuchuja rangi, na huku ziwani mvua za Machi hadi Mei hazibishi hodi. Printa inayohamisha rangi kwa joto inatoa picha kavu inayostahimili kushikwashikwa, ndiyo ya kubeba kwenye sherehe na kuchapisha palepale mzazi anapolipa. Njia hiyo inaondoa hasara ya picha isiyouzwa kabisa. Inachotaka ni umeme wa uhakika. Stima ikikatika katikati ya picha umepoteza karatasi na kipande cha utepe wake, kwa hiyo jenereta au betri ya akiba ihesabiwe ndani ya bei.

Nakala ya simu, na sheria

Wazazi wengi sasa wanataka picha ije kwa WhatsApp. Wapo wapiga picha wanaoiuza peke yake kwa 100 na kujisifu kwamba hawana gharama ya karatasi. Faida ya 100 bila karatasi, ukitoa ya shule, ni 90. Ya Mkoba ni 130 na ya Ukoo ni 205. Ukiiweka bei ya chini inakula vifurushi vyote vitatu kwa pigo moja, halafu picha inapotea siku simu inapoibwa. Mimi naitoa bila malipo kwa wanaochukua Ukuta, naiuza 100 kwa wanaochukua Ukoo, na peke yake siiuzi chini ya 250. Naituma kama faili, maana WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida inaibana na ubora unashuka.

Usitume picha za darasa zima kwenye kundi la wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa zake. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwenye karatasi ya idhini inayokwenda nyumbani kabla ya siku ya kupiga kuna mistari miwili yenye visanduku: "Nakubali mtoto wangu apigwe picha" na, peke yake, "Nakubali picha yake itumike kutangaza kazi". Ambaye hakutia alama ya kwanza simpigi. Ambaye hakutia ya pili, picha yake haitoki kwenye bahasha. Nafuta kila kitu baada ya muhula mmoja, na hilo pia nimeliandika.

Shule ipewe nini

Hapa njia ni mbili: sehemu ya mauzo, au huduma. Asilimia 10 niliyoitumia hapo juu ni rahisi kueleza na shule za binafsi huipenda. Ubaya wake ni kwamba inaingia moja kwa moja kwenye bei ya mzazi, na shule ikidai 20, Ukoo wako unashuka kutoka 205 hadi 170. Njia ya huduma: picha ya kila darasa katika A4 kwa ofisi bila malipo, picha za walimu, na pasipoti za vitambulisho vya shule. Kwa shule yenye madarasa 12, hizo A4 12 kwa shilingi 100 ni 1,200. Asilimia 10 ya oda 100 ni 3,500. Kwa shule za umma ninashikilia huduma tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inabana malipo yanayotozwa wazazi huko, na mwalimu mkuu hapaswi kuonekana ana mkono katika pesa ya picha. Neno HIARI liwe kubwa juu ya karatasi ya oda, na asiyelipa asiitwe mbele ya wenzake.

Ningechagua nini kwa shule ipi

Shule ya binafsi ya mjini, Milimani au Mamboleo, au kule Nakuru maeneo kama Section 58: kionjo, vifurushi vitatu, malipo ya M-Pesa kwa Paybill. Nasema Paybill kwa sababu inamtaka mzazi aandike namba ya akaunti, nami nampa namba ya mtoto iliyo kwenye karatasi ya oda. Ukipokea kwa ile namba ya Lipa na M-Pesa ya dukani, unaona jina la aliyelipa tu, na aliyelipa anaweza kuwa mjomba aliye Mombasa mwenye jina la ukoo tofauti kabisa. Nilitumia siku nzima nikipiga simu kuuliza, "Samahani, ulimlipia mtoto yupi?" Piga picha mwisho wa mwezi wa Mei au Juni, karo ya Januari ikiwa imesahaulika kidogo.

Shule ya umma kijijini: kifurushi kimoja, bei ya noti, 200, oda kwanza bila kionjo ikiwa safari ni ndefu. Kiwe Mkoba ulioongezwa nne kwa sita moja ya nyanya. Kinakuachia 130 bila kulipa shule asilimia. Fuata siku ya soko ya pale, siku moja baada yake pesa ipo. Na nimejiwekea jambo moja ambalo si la kibiashara: kila mtoto wa darasa mwenye idhini, aliyelipa na asiyelipa, anasimama katika picha ya kundi, na nakala moja inabandikwa ukutani mwa darasa. Mtoto asiyekuwa na bahasha siku ya kugawa anajua kwamba yumo.

Sherehe ya PP2: vitatu, kuchapisha palepale kama una printa ya joto, la sivyo kionjo. Kama bado unataka kuchapisha kwanza, chapisha tano kwa saba moja kwa kila mtoto, si seti nzima. Hasara yako ya juu kwa watoto 200 itakuwa 8,000 badala ya 22,000, na mzazi aliyeipenda hiyo moja ataagiza nyingine.

Sekondari ya bweni ni kitu kingine kabisa. Mnunuzi ni mwanafunzi mwenyewe, analipa kwa pesa ya matumizi, na hataki picha yake peke yake. Anataka ya marafiki wanne kando ya bweni. Sahau vifurushi vya ukoo. Uza nne kwa sita za vikundi kwa 100 kila mmoja, ya kidato cha nne katika nane kwa kumi na mbili kwa 300, pokea majina na pesa kupitia kiranja, na bahasha zifike wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla akili zote hazijaingia kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.